Watoto wa Ng'ambo na Chupa ya Dozi Kumi

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nesi Zuhura alicheka aliponisikia nikitumia neno hilo, akasema mtu hastaafu kazi ambayo hakuajiriwa. Lakini miaka miwili ya kupima watoto uzito na kubeba boksi la chanjo ni miaka miwili. Jumatatu naanza chuo cha uuguzi, kwa hiyo mzani, kalamu na ufunguo wa kabati nimewakabidhi Sara na Rahabu, waliomaliza kidato cha nne juzi juzi. Wameniomba niwaeleze kazi. Mimi kuongea siwezi, wote mnajua. Basi nimetoa shajara zangu mbili chini ya godoro, nimezipanga kwa tarehe, naandika. Habari za matokeo yangu ya mtihani na za posho nitaziruka, maana zote mbili ni fupi.

Nilikwenda zahanati kwa sababu mama alichoka kuniona. Nilikuwa nasubiri matokeo, nashinda chumbani naandika, na mama akasema nikiendelea hivyo nitaota mizizi. Zahanati yetu, kama mnavyoijua, ni vyumba vitatu na baraza, nusu saa kwa pikipiki kutoka Iguguno. Jumanne ndiyo siku ya kliniki ya watoto. Nilifika nikakuta kina mama wamejaa kwenye mabenchi, na Nesi Zuhura kasimama katikati yao, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja.

"Shikamoo," nikasema.

"Nani huyo anaongea?"

"Mimi. Tabitha."

"Tabitha wa nani?"

"Wa mama."

Baraza zima likaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze na benchi nililokuwa nimelishika. Nesi hakucheka. Alinitazama juu ya miwani.

"Unaweza kusoma mzani?"

"Ndiyo."

"Unaweza kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Huyu anafaa," akawaambia kina mama. "Wale waliopita walikuwa wanatangaza uzito wa watoto wa watu mpaka dukani."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Sasa tuanze na mzani, maana ndio utakaowaaibisha kwanza. Unaning'inia kwenye boriti ya baraza, na mtoto anavalishwa kaptura ya kupimia anatundikwa pale. Kaptura ina uzito wake. Kabla ya mtoto wa kwanza unaitundika tupu, mshale hauwi kwenye sifuri, unazungusha kitufe cha juu mpaka urudi. Mimi wiki ya pili nilisahau. Asubuhi ile watoto wote wa kata walinenepa. Kulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kliniki. Mama mmoja alisema ni uji wake wa ulezi na karanga, akaanza kuwafundisha wenzake vipimo. Nesi alikuja, akatazama kadi tatu, akatazama mzani, akanitazama mimi. Mchana ule alinituma nyumba kwa nyumba na kadi mkononi, nikafute. Mama wa uji alinikatalia mlangoni.

"Hiyo nusu kilo imeshaandikwa," akasema. "Haitoki."

Haikutoka hadi leo. Mkiikuta kwenye kadi yake, msishangae.

Kitu cha pili ni boksi la chanjo, lile la buluu lenye mkanda wa kuvaa begani. Barafu usiitoe kwenye friza ukaitumbukiza moja kwa moja, chanjo nyingine zikiganda zimekufa. Iache mezani kwanza, itikise, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo uipange. Na kila kichupa cha surua kina alama ndogo, mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, sawa. Ukifanana nalo, tupa, hata kama kina mama mia wamekaa. Nesi Zuhura alinifundisha hili kwa kunishikisha kichupa na kunyamaza mpaka nikaona mwenyewe. Ndivyo anavyofundisha. Mtu mwenye haraka humdhania amelala.

Sasa nafika kwenye chupa yenyewe.

Chanjo ya surua inakuja kama unga mkavu kwenye kichupa cha dozi kumi. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita, baada ya hapo kinachobaki kinamwagwa. Na kinachomwagwa kinaandikwa kwenye ripoti, na ripoti inakwenda wilayani, na hakuna anayependa kuulizwa na wilaya kwa nini anamwaga dawa. Kwa hiyo kabla sijafika mimi, zahanati ilikuwa imejiwekea utaratibu wake: chupa ya surua haifunguliwi mpaka wafike watoto kumi. Wakifika saba, au tisa, wanaambiwa waje Jumanne ijayo. Hakuna aliyeona ni vibaya. Mimi pia sikuona. Niliona ni akili.

Wa jirani walikuwa wanarudi Jumanne ijayo wanakuta wametimia. Lakini kuna Ng'ambo. Hiki ni kitongoji chetu kilicho upande wa pili wa korongo, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu. Masika ni mto, na wa Ng'ambo wanabaki kwao kwa wiki kadhaa.

Mama Elia alikuwa wa Ng'ambo. Mwanamke mfupi, mweusi, anatembea haraka kama anayewahi kitu. Kabla ya Elia alikuwa na mtoto mwingine wa kike, akafa kwa surua. Hilo nililijua kwa sababu alimwambia Nesi siku ya kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina lake. Elia alipotimiza miezi tisa alimleta. Walikuwa watoto sita. Nesi akasema njoo Jumanne. Jumanne walikuwa wanane. Jumanne ya tatu walikuwa watano, na ilikuwa inakaribia saa saba mchana, na Elia alikuwa analia kwa njaa.

"Njoo wiki ijayo, mama," Nesi akasema.

Mama Elia alimfunga mtoto mgongoni taratibu, fundo la kwanza, la pili. Kisha akasema, "Mwambieni huyo chupa wenu, akiwa tayari anifuate nyumbani."

Akaondoka. Hakurudi tena.

Usiku kabla ya kulala huwa naandika, na siku zile niliandika yote: nani karudishwa, mara ya ngapi, na alichosema. Si kwa sababu nilikuwa na akili ya kitabibu. Ni kwa sababu maneno ya Mama Elia yalinipendeza. Kwenye rejista ya zahanati huandikwa aliyechanjwa. Aliyerudishwa haandikwi popote. Kwa hiyo miezi mitatu baadaye, rejista ilipokaguliwa, Elia alionekana hajaja, na akaingia kwenye orodha ya watoro. Na orodha ya watoro ilikuwa inasomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Nilikuwepo. Mzee Hamisi, mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo, alisoma majina ya watu wake mwenyewe huku akitikisa kichwa. Alipofika kwa Mama Elia alisimama.

"Huyu ameshazika mmoja," akasema. "Bado hataki kujifunza."

Mama Elia alikuwa amekaa chini kati ya wanawake wenzake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimeegemea ukuta, na nilikuwa najua, kwa tarehe, kwamba mwanamke yule alitembea saa tano kwa siku, siku tatu, na sisi ndio tuliomrudisha. Sikufungua mdomo. Ninaandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika ukweli. Nilikwenda nyumbani nikaliandika kwenye shajara badala ya kulisema pale lilipohitajika.

Baada ya hapo ikaja habari ya surua kata ya jirani. Watoto wenye homa, macho mekundu, vipele kuanzia nyuma ya masikio. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, watu wanachoma mabua mashambani tayari kwa kilimo. Nesi Zuhura alikaa na rejista akahesabu: Ng'ambo karibu yote ilikuwa na mapengo kwenye surua.

"Wagumu hawa," akasema. "Korongo likijaa na ugonjwa uko kwao, tutawafikiaje? Kwa nini hawaji?"

"Wanakuja," nikasema.

Alinigeukia. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza kuongea bila kuulizwa. Sikuweza kuendelea, kwa hiyo nikatoa shajara kwenye mkoba nikampa, imefunguliwa ukurasa wa Mama Elia. Nilisahau kitu kimoja tu. Ukurasa uliofuata nilikuwa nimeandika habari zake yeye.

Alisoma kimya. Akafunua ukurasa. Nikaona nyusi zinapanda.

"'Nesi leo amenuna kama aliyemeza limau na mbegu zake,'" akasoma kwa sauti.

"Samahani, Nesi."

"Siku hiyo jino lilikuwa linaniuma." Akarudi nyuma, akasoma tena wale waliorudishwa, kidole chake kinapita jina kwa jina. Wengi walikuwa wa Ng'ambo. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. "Tabitha. Hawa si watoro."

"Hapana."

"Watoro ni sisi."

Alichukua shajara yangu mpaka kwa mganga mfawidhi, ambaye wote tunamwita Daktari. Mimi nilibaki nje naomba asifunue kurasa za mbele. Niliwasikia. Daktari alisema kwamba kufungua chupa kwa ajili ya mtoto mmoja hakujawahi kukatazwa, ni sisi tulioogopa ripoti. Nesi akasema basi kuanzia leo chupa inafunguliwa kwa mmoja, na wilaya wakiuliza waje wamuulize yeye. Daktari akasema waje wamuulize yeye, ndiye mfawidhi. Wakabishana kidogo nani ataulizwa. Nilifurahi sana.

Lakini kufungua chupa zahanati hakungemrudisha mtu aliyeapa kutorudi. Ilibidi twende sisi. Huduma ya mkoba, yaani chanjo inafuata watu walipo. Daktari akampigia simu Mzee Hamisi, akampa siku, akamwomba awakusanye watu nyumbani kwake.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo nataka mlikumbuke kuliko mengine yote.

Tulikwenda watatu, Daktari, Nesi na mimi, kwenye pikipiki moja, mshikaki, jambo ambalo Daktari huwagombezea wagonjwa kila siku. Pikipiki tuliiacha kabla ya korongo maana mchanga ulikuwa unaimeza, tukavuka kwa miguu. Mzee Hamisi alikuwa ametandaza meza, viti, hata kitambaa. Na ili mambo yaende haraka, asubuhi ile alikuwa amemtuma mgambo azunguke kitongoji kizima na filimbi.

Sasa ninyi wenyewe mmezaliwa hapa. Mgambo akipita asubuhi anapiga filimbi, maana yake ni nini? Ni msaragambo. Ni kwenda kuchimba msingi wa darasa au kusomba mawe, na asiyetokea anaandikwa. Watu wa Ng'ambo waliposikia filimbi walifanya ambavyo sisi sote hufanya. Walibeba watoto, wakapita mlango wa nyuma, wakaingia porini.

Tulikaa kwenye viti vile mpaka saa nane. Alikuja kuku. Alikuja mzee mmoja kiziwi kuuliza kama tunanunua alizeti.

"Nimewaita mimi mwenyewe!" Mzee Hamisi alisema, jasho linamtoka. "Filimbi imepigwa mpaka mpakani!"

"Tumeisikia, mwenyekiti," Nesi akasema. "Na wao wameisikia."

Tulirudi na chupa zote. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya milima, na mwenye macho aliona tuna siku chache tu. Tulipofika zahanati nikasema kile nilichokuwa nakifikiria tangu korongoni: niende mimi mbele, siku moja kabla, kwa Mama Elia.

"Utamwambia nini?" Nesi akauliza.

"Sijui."

"Afadhali. Ungekuwa unajua ningekukatalia."

Nilimkuta Mama Elia uani anapepeta alizeti. Elia alikuwa anatambaa kwenye makapi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikasimama. Ungo ukapanda ukashuka, ukapanda ukashuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yakaniishia yote.

"Umetumwa kunisoma jina tena?" akauliza.

"Hapana, mama." Nikatoa shajara. Sikuwa na kitu kingine. "Nimekuja kusoma tulichokufanyia."

Nikamsomea. Jumanne ya kwanza, watoto sita, Mama Elia wa Ng'ambo karudishwa. Jumanne ya pili, watoto wanane, karudishwa. Jumanne ya tatu. Ungo ulisimama.

"Kumbe mliandika?"

"Niliandika mimi. Na kwenye mkutano nilikuwa najua, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima kama nina akili.

"Na nilivyosema kuhusu chupa, uliandika?"

"Ndiyo."

"Soma."

Nikasoma. Alicheka mpaka ungo ukamwangukia, alizeti zikamwagika, Elia akacheka naye bila kujua kwa nini. Kisha ghafla akaacha kucheka, akamnyanyua mtoto wake akamkalisha pajani.

"Nilikuwa naogopa kila siku," akasema. "Kila akipata joto naangalia nyuma ya masikio. Mlisema mnakuja lini?"

"Kesho, ukikubali. Lakini si kwa mwenyekiti."

"Kwa mwenyekiti hata mimi siendi. Njooni kwenye pampu. Inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, inafungwa saa nne. Kila mwanamke wa Ng'ambo anapita pale, hana ujanja, maji atatoa wapi?" Akasimama, akajitanda kanga. "Nitawapitia mimi usiku huu. Wewe ukipita na hicho kisauti watadhani umepotea."

Nilirudi jioni ile nikawaambia Nesi na Daktari, na kesho yake tulifika sote watatu jua halijachomoza vizuri. Upande wa milima kulikuwa kweusi tii. Kwenye pampu palikuwa na foleni ya ndoo, kama ilivyo desturi: mtu anaweka ndoo yake kwenye mstari, anakaa pembeni anapiga soga, na hakuna anayethubutu kuigusa. Ndoo ndiyo wewe. Nesi alitaka kuanza kuwapanga kina mama. Mama Elia akamzuia.

"Nesi, usipange watu, utawagombanisha. Fuata ndoo."

Tukafuata ndoo. Ndoo ya kwanza ikifika bombani, mama mmoja anapampu, mwingine anamleta mtoto kwetu, anachanjwa, naandika, ndoo imejaa, anayefuata. Sijawahi kuona kliniki inakwenda vile. Hakuna benchi, hakuna kusukumana, hakuna "mimi nilikuwa mbele ya huyu". Tangu siku ile hata hapa zahanati tunatumia ndoo, na wageni wanadhani tuna shida ya maji.

Lakini nimeruka. Kabla ya yote, kulikuwa na mwanzo. Walikuwa wamefika kina mama wanne tu. Nesi alitoa kichupa, akakiangalia alama yake, akanionyesha na mimi. Nadhani wanawake wote walikuwa wanasubiri kusikia "njooni wiki ijayo".

"Mama Elia," Nesi akasema, "hawajafika kumi, sisubiri kumi. Nafungua."

Akachanganya dawa mbele ya macho yao. Elia alipiga yowe moja la hasira, akaangalia mkono wake, akanyamaza, akataka kofia ya Nesi. Mama Elia alimfuta machozi kwa kidole gumba.

"Leo chupa amekuja kwa miguu yake," akawaambia wenzake. "Haya, leteni watoto, msimchoshe mgeni."

Walikuja. Chupa ya kwanza ikaisha, Nesi akafungua ya pili. Wengine walikuwa wanadai na chanjo nyingine zilizopita, tukazitoa. Mama mmoja alikuwa amepoteza kadi na alikuwa amejificha nyuma ya mti kwa aibu, maana zamani waliopoteza kadi walikuwa wanagombezwa. Nesi alimwita akamwandikia kadi mpya na kumuuliza tu mtoto anaitwa nani. Chupa ya tatu ikafunguliwa kwa ajili ya watoto wawili. Wawili tu! Nilitazama uso wa Nesi wakati anaifungua. Haukubadilika.

Orodha yangu ya Ng'ambo ilibaki na jina moja. Mtoto wa Mwajuma. Mama yake alikuwa amelala naye kwenye shamba la mbali analolisafisha, hakuwa nyumbani Mama Elia alipopita usiku. Mama Elia alikuwa ameshatoka kwenda kumfuata, mbio, ameacha Elia kwa jirani. Hapo ndipo tukasikia radi upande wa juu.

"Nesi," Daktari akasema, "huko juu imeshanyesha. Maji yakishuka hayatatusubiri."

"Na mimi siyasubiri. Namsubiri Mwajuma."

"Ni mtoto mmoja."

Nesi alimtazama juu ya miwani. Daktari akakohoa, akavua koti, akaanza kuwasaidia kina mama kupampu maji.

Matone yalikuwa yanadondoka tulipowaona, wanawake wawili wanashuka kilima, Mama Elia mbele na mtoto wa mwenzake mgongoni kwa sababu Mwajuma alikuwa ameishiwa pumzi. Nilishikilia kanga juu ya Nesi, akachanja chini yake. Nikaweka alama kwenye jina la mwisho. Wino ulienea kidogo kwa mvua. Nendeni mkaangalie, bado upo.

Tulivuka korongo maji yakiwa magotini, mekundu, yanavuta miguu. Daktari alibeba boksi kichwani. Nesi alibeba rejista ndani ya gauni lake. Mimi nilibeba viatu vya wote. Dakika chache baada ya kupanda ukingo wa upande wetu, mto ulishuka na magogo.

Kwa hiyo, Sara na Rahabu, utaratibu ni huu. Chupa inafunguliwa kwa mmoja. Kama ikitokea mtu karudishwa kwa sababu yoyote, anaandikwa kwenye daftari la kijani, jina lake na kosa letu, na Ijumaa Nesi analisoma. Mkoba unakwenda kwenye pampu, na filimbi isiguswe. Na kwenye mkutano wa kijiji majina hayasomwi tena. Hilo niliomba mimi, nimesimama, mbele ya watu wote, kwa sentensi tatu. Nilimtaja Mama Elia na tarehe zake. Ya tatu haikusikika vizuri, lakini Mzee Hamisi alikuwa karibu akairudia kwa sauti yake, kisha akageuka mwenyewe akamwomba radhi mwanamke yule.

Surua ilifika kijijini kwetu masika yale. Hapa upande wetu tuliwapata wagonjwa, wote watoto ambao hawakuchanjwa, na tulipambana mpaka wakapona. Ng'ambo hatukujua. Korongo lilikuwa limejaa, simu zao hazina chaji wakati wa mvua. Nilikuwa nakwenda ukingoni kila jioni. Mimi, Tabitha, nilikuwa napiga kelele, "Watoto wazimaaa?" na mtu upande wa pili alikuwa anapunga mkono, na maji yanaimeza sauti, na sikuweza kujua kama anapunga kusema ndiyo au kuomba msaada. Niliandika kurasa nyingi siku zile. Sizinukuu.

Maji yalipopungua tulivuka siku hiyo hiyo. Nesi alikuwa amejaza boksi zima: vitamini A, dawa za macho, za homa, za kuhara, chumvi chumvi, kila kitu ambacho mtoto mwenye surua angehitaji. Lilikuwa zito, tukawa tunapokezana. Tulianza nyumba ya kwanza. Inua shati, angalia nyuma ya masikio, angalia macho. Hakuna. Nyumba ya pili hakuna. Kina mama walianza kutufuata, nyumba hadi nyumba, wakawa wengi. Elia alikuwa anatembea! Alikataa kuinuliwa shati. Kwa Mwajuma mtoto alikuwa na vipele shingoni. Nesi alipiga magoti, akavua miwani, akaangalia karibu kabisa, akapitisha kidole.

"Vipele vya joto tu," akasema. "Mvue hilo sweta."

Ilikuwa nyumba ya mwisho. Nesi akasimama, akashika kiuno, akawageukia wanawake wote wa Ng'ambo.

"Mmenibebesha mzigo bure," akasema. "Nimekuja na dawa za wagonjwa, na wagonjwa hamna."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nasikia vilifika mpaka kwa Mzee Hamisi, akatoka mbio akidhani kuna harusi. Tuliondoka jua likiwa bado juu. Boksi halikuwa limepungua hata kidonge kimoja, na njia nzima ya kurudi tulinyang'anyana nani alibebe.